Pikapu Mbili na Mama Mkwe Mmoja

Tangu nirudi Bukoba, kila anayenikuta njiani ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilipita Omurushaka nikiwa nimekalishwa kwenye kiti nyuma ya pikapu, mgongo kwa dereva, kama mtuhumiwa? Ni kweli. Lakini habari iliyowafikia imekatwa kichwa na mkia, na wengine wameiongezea pingu. Pingu hazikuwapo. Naandika ili nisisimulie tena, kwa sababu kila nikisimulia mke wangu ananisahihisha, na mwishowe safari inakuwa yake.

Kwa asiyetujua: mke wangu Edina ana shamba la migomba na kahawa alilorithi kwa baba yake, karibu na Nkwenda huko Kyerwa. Mimi nafundisha na kuandika hapa mjini, kazi isiyo na mzigo wowote wa kupakia. Tulihitaji gari moja la kushika yote mawili: siku za kazi linipeleke ofisini kama mtu wa heshima, mwisho wa wiki libebe mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Nikaanza utafiti. Kwa miezi nilisoma mtandaoni maoni ya watu wa nchi za mbali kuhusu pikapu za ukubwa wa kati, watu ambao, kwa picha walizoweka, mzigo mzito kuliko yote waliowahi kuubeba ni mbwa. Nikajua nguvu za injini, urefu wa bodi na kiu ya dizeli. Zikabaki mbili. Sitasema zilitengenezwa na nani, maana wenye pikapu kwetu ni kama wenye madhehebu. Ukisifu moja umewatukana waumini wa nyingine. Tuziite ya bluu na nyeupe. Ya bluu ilikuwa Bugene: kabini moja, bodi ndefu. Nyeupe ilikuwa Murongo, mpakani na Uganda: kabini mbili, bodi fupi.

Kulikuwa na jambo la tatu, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza. Mama yake Edina alikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Nyakahanga kwa juma hilo tu, wapasue na kuondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Walipokuja mara ya kwanza mama aliwakosa kwa sababu alikataa bodaboda. "Sijalelewa kwenda hospitali nimekumbatia mgongo wa mtoto wa watu," alisema, na hapo mjadala ukafungwa. Safari hii tulimwahidi gari. Edina alitangulia kwa mama yake kumwandaa. Kazi yangu ilikuwa kuchagua gari na kufika nalo kabla madaktari hawajafunga mikoba. Mtu ana shahada mbili na kazi moja. Mngedhani angeiweza.

Bukoba hadi Bugene

Kuhusu basi sina la kusema ila kwamba lilifika.

Mwenye pikapu ya bluu anaitwa Bwana Athumani, ana duka la vifaa vya ujenzi. Babu yake alitoka Pangani. Yeye mwenyewe amezaliwa Bugene na anaongea Kinyambo kama mkulima yeyote, lakini huizungumzia pwani kana kwamba ameondoka huko asubuhi ya leo. Nilimkuta mlangoni, nikamwambia nimekuja kuona gari.

"Gari haitazamwi kwa njaa, Profesa. Mwenye njaa huona kutu hata kwenye sahani."

Nilimwambia mimi si profesa. Akasema si neno, Mungu ni mkubwa, nitakuwa. Tukala pilau, kisha tukanywa chai ya tangawizi, kisha akaja mteja wa misumari, kisha ikawa adhuhuri, akaenda kuswali. Nilipofikishwa kwenye gari hatimaye nilikuwa na usingizi kiasi kwamba ningenunua hata toroli.

Nikauliza habari za springi. Zimewahi kubeba nini?

"Maharusi watatu. Kila mmoja kwa siku yake. Na wote wamezaa."

Nikauliza habari za gia.

"Profesa, tazama hiki kwanza." Akasogeza kioo kidogo cha kuteleza kilichokuwa nyuma ya kabini, juu ya siti. "Unampitishia chai aliyekaa bodini, bila kusimama. Hiyo nyeupe ya Murongo unayoifikiria haina. Usidhani sijui. Mji huu ni mdogo, na wewe una uso wa mtu mwenye mambo mawili."

Nikakiri. Sikutegemea alivyolipokea jambo hilo: alitupa funguo mezani.

"Nenda nayo Murongo. Kaziweke pamoja tuone ipi itaona haya."

"Unaniamini hivyo?"

"Nakuamini sana. Ndiyo maana nakuja na wewe."

Akafunga duka. Alichukua msala, chupa ya chai na mto wa kukalia, akapanda upande wa abiria kama mtu anayemsindikiza binti yake kwenda kuposwa.

Bugene hadi Nkwenda, tukiwa na nusu ya Karagwe

Kati ya yote niliyosoma, hakuna mzungu aliyeandika kwamba pikapu tupu ni tusi. Kwetu ni tusi. Pikapu ikipita bodi ikiwa wazi, maana yake mwenye gari ana roho mbaya au amechukuliwa na majambazi, na vyote viwili vinahitaji kusimamishwa. Hatukuwa tumemaliza nyumba za Bugene mama mmoja alipoinua mkono na kupakia godoro. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alisema yeye anakwenda wapi.

Wakafuata wawili na magunia ya maharage. Akafuata mzee na mbuzi, na mbuzi alionekana kuifahamu gari. Njia panda ya kwenda hospitalini akapanda fundi seremala akiwa na mlango wa mbao mpya, umepigwa rangi, kitasa tayari.

"Ulaze," nikamwambia.

"Rangi bado mbichi, mzee."

Kwa hiyo akausimamisha katikati ya bodi, akaushika kwa mikono miwili, tukaondoka na mlango wima barabarani. Nilimwona kupitia kioo cha ndani: mlango umefungwa, na yeye nyuma yake. Kila bodaboda aliyetupita alipiga kelele, "Hodi!" Na yeye, bila kukosa hata mara moja, akajibu, "Karibu!"

Nilikuwa nimekuja kupima uwezo wa kubeba; sikujua kama wilaya ingejitolea kuwa jiwe la mizani. Kwenye mlima gari ilinguruma, ikapungua mwendo, lakini haikusimama. Bwana Athumani aliipapasa dashibodi kama shingo ya ng'ombe. Kila tuliposhuka shimoni alisema, "Shimo hilo ni la halmashauri, si la gari," na kila tulipotoka salama alisema, "Hilo sasa ni la gari."

Baada ya Omurushaka lami ilituaga. Tulisimama kushusha godoro, na mwenyewe akasisitiza tunywe togwa. Tulisimama kushusha mbuzi, akakataa kushuka. Tulisimama kwa seremala, na huko familia nzima ilitoka kuupokea mlango. Babu yao akabisha hodi, fundi akajibu karibu kwa mara ya mwisho, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Safari fupi ikala mchana wote. Tulifika kwa mama mkwe jua likiwa limeegemea migomba, mimi nikiwa nimeshaamua moyoni: ya bluu. Murongo ningekwenda kwa heshima tu.

Penye pazia

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wenzangu wa Karagwe na Kyerwa watashangaa kwa nini nalieleza, na wengine watashangaa kwamba lipo. Mimi na mama mkwe hatuonani uso kwa uso. Ndiyo obuko, heshima ya ukwe, na si kila nyumba inaishika siku hizi, ila nyumba hii inaishika kama msumari. Mchungaji amewahi kumwambia kwamba si lazima. Akamjibu mchungaji kwamba mkwe ni wake, si wa usharika. Miaka yote ya ndoa yangu yeye hukaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mimi sebuleni. Namjua kwa sauti na kwa nyayo. Yeye, nadhani, hunijua kwa upenyo wa pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Za Bukoba?"

"Nzuri, mama. Tumeleta gari uione."

"Nimelisikia. Lina vyumba vingapi hilo gari?"

Edina alinitazama. Nami nikatazama gari kupitia dirishani, kana kwamba chumba cha pili kingeweza kuwa kimechelewa tu njiani.

"Kimoja, mama."

"Kinakaa watu wangapi?"

"Watatu, wakisogeleana."

"Na wewe u mmojawapo?"

"Mimi ndiye dereva, mama."

Pazia likatikisika kidogo. Kisha sauti ikasema, kwa upole wa kutisha, "Edina, mpe mkwe wangu chakula. Amechoka."

Tulikula ndizi na maharage, tukatafuna amwani, zile kahawa za kupikwa na majani wanazopewa wageni. Halafu Edina akanivuta migombani.

"Miezi yote hiyo unasoma magari!"

"Na wewe mbona hukunikumbusha?"

"Nikukumbushe nini? Kwamba una mama mkwe?"

Bwana Athumani, aliyekuwa akitandika msala wake karibu, alijaribu kusaidia. "Kwetu Pangani mambo haya hayapo, dada. Mkwe na mama mkwe wanakula sahani moja."

"Bwana Athumani, umewahi kufika Pangani?"

Akanyoosha msala vizuri. "Bado."

Hivyo ile ya bluu, ambayo ilikuwa imebeba mlango na mbuzi na heshima zote, ikashindwa kwa kukosa siti ya nyuma. Zilibaki siku mbili za madaktari.

Nkwenda hadi Murongo

Tuliondoka alfajiri, na kwa kuwa niliogopa kuchelewa, nilipiga honi na kupita kila mkono uliotupungia. Nilitukanwa kwa lugha tatu. Bwana Athumani alijifunika uso kwa mto.

Mwenye nyeupe ni mwanamke wa makamo anayeitwa Kokushubira. Mpakani wote humwita Ma Koku. Anauza sabuni, maharage na vitenge, na alitaka kuachana na pikapu ili anunue lori. Tulimkuta anakula chapati ya mayai kibandani, gari lake likiwa limeegeshwa kando. Mimi, katika haraka yangu, badala ya kumsalimu nilianza na gari. Nilivaa miwani, nikapiga magoti, nikawasha tochi ya simu na kuingia chini yake.

"Gari hii ni ya nani?" nikauliza nikiwa huko chini.

Chapati ikaacha kutafunwa. Kisha sauti yake: "Haina mwenyewe."

Nikatoka. "Haina mwenyewe vipi?"

"Tuliikuta hapa."

Watu wote kibandani walitikisa vichwa. Ndiyo, waliikuta hapo. Mmoja alikumbuka kwamba ilikuwapo tangu zamani. Nikafungua daftari niandike hali ya tairi, na kibanda kikaanza kupungua watu, mmoja akiacha hata chai. Mtu mwenye miwani, tochi na maswali asubuhi pale mpakani anaweza kuwa mtu wa aina moja tu.

Ni Bwana Athumani aliyetuokoa. "Ma Koku! Huyu si wa ushuru! Huyu ni Profesa, hana madhara!"

"Mbona hakusalimu?"

Swali la haki. Nikamwamkia, ingawa sidhani ananizidi umri, nikamtajia jina langu, Novati. Akaniitikia marahaba bila haya yoyote, na gari likarudi kuwa lake papo hapo. Ana nguvu za maneno mama huyu. Alifungua milango minne yote kwa mpigo, kama mtu anayeanua nguo.

"Ta Novati, kaa nyuma. Kaa! Hapa amekaa padri, amekaa mgonjwa, amekaa kuku wa Uganda. Hakuna aliyelalamika isipokuwa padri."

Siti ya nyuma ilikuwa pana na safi. Bodi ilikuwa fupi, ya mikungu michache, lakini nilikuwa nimeacha kufikiria mikungu. Nilimweleza habari za mama mkwe. Akaelewa kabla sijamaliza, na akaamua kwamba atatusindikiza mwenyewe, maana hawezi kuacha mnunuzi arudi peke yake na mshindani. Tukatoka Murongo magari mawili na wenyewe wawili. Mimi niliendesha nyeupe na Ma Koku kando yangu, Bwana Athumani akatufuata na ya bluu huku akipiga honi kila tulipopunguza mwendo, ili nisikie kwamba honi yake ni nzuri zaidi.

Migombani

Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa madaktari. Mimi kwenye usukani wa nyeupe, Edina kando yangu, mama mkwe siti ya nyuma, Bwana Athumani na Ma Koku wakitufuata na ya bluu. Aliingizwa wakati mimi nimegeukia upande wa choo, kama ilivyotakiwa. Nilimsikia akikaa na kutoa pumzi ya kuridhika.

"Edina, mwambie mkwe wangu gari hili ni zuri. Lina heshima."

"Asante, mama," nikasema, nikiangalia mbele, nikiwa mshindi. Tulipita nyumba za jirani polepole. Watu walipunga mikono. Nilifikiri: hii hapa, mila na maendeleo vimekaa gari moja. Nilikuwa tayari natunga sentensi hiyo kwa ajili ya makala.

Kisha, kama mnavyofundishwa shule ya udereva, nikaangalia kioo cha ndani.

Macho yake yalikuwa pale. Makubwa, yametulia, yakinitazama katikati ya uso wangu, na uso wake, jamani, ni uso wa Edina ulioongezewa miaka. Miaka yote ile ya pazia, na kipande cha kioo kinavunja yote kwa kufumba na kufumbua. Nikapiga kelele. Yeye akapiga kelele. Edina akapiga kelele kwa sababu sisi tumepiga. Nikafumba macho kwa heshima, jambo ambalo halishauriwi, na pikapu nyeupe ikatoka barabarani, ikashuka mtaro na kuingia katika migomba ya jirani, ikalala pale imeinama, mgomba mmoja ukiwa umelala juu ya kioo cha mbele.

Hakuna aliyeumia ila mgomba. Nilitoka nikageukia shamba. Mama mkwe alitolewa upande wa pili, akakaa nyuma ya shina akiwa amejifunika khanga.

"Turudi nyumbani," nikamsikia akisema. "Macho haya yameshafanya kazi yake."

Majirani walikuwa wameshafika. Mmoja alisema jambo kama hili linahitaji mbuzi. Mwingine akasema kuku anatosha, kwa kuwa ilikuwa kwenye kioo. Mzee wa tatu aliuliza kama tumeonana mara moja au mara mbili, kwa sababu yeye alinitazama na mimi nikamtazama. Walilijadili vizuri sana, na saa zilikwenda. Mimi sikufikiria mbuzi. Nilifikiria madaktari wakikunja vitambaa vyao, na mwanamke huyu akirudi kukaa nyuma ya pazia hadi giza limkute huko, kwa sababu mimi nilifuata sheria za barabarani.

Edina akapiga magoti mbele ya mama yake. Aliyoyasema yalikuwa ya Kinyambo na yao wawili. Baadaye akanyanyuka na sura ya mwenyekiti wa kikao.

"Bwana Athumani ataendesha ya bluu. Mama atakaa kabini, mimi katikati. Novati bodini."

"Ataniona kwa kile kidirisha anachokisifu Bwana Athumani," mama akasema.

"Atageuka aangalie tulikotoka."

Mama alifikiri. "Basi mleteeni kiti. Mkwe wangu hakai chini kama kuku."

Migombani hadi Nyakahanga

Ndivyo nilivyopanda kitini, kile cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma, miguu ikiwa imekanyagia bodi, mgongo kwa kabini, shati la ofisini na tai. Ma Koku aliiacha nyeupe ivutwe na majirani, akapanda nami, akasimama ameshika chuma. Hakutaka kukosa mwisho.

Barabara inaonekana tofauti unapoitazama ikiondoka. Kila shimo unalijua baada ya kukupata.

Omurushaka tulikwama. Kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu lilikuwa linavuka bila haraka yoyote, na bodaboda wote wa kijiweni wakaja kunizunguka.

"Mama, huyu mzee ameiba nini?"

"Hajaiba," Ma Koku akasema.

"Amefumaniwa?"

"Amemtazama mama mkwe wake."

Niliwahi kutoa mihadhara mingi. Sijawahi kupata ukimya kama ule. Dereva mmoja mtu mzima alivua kofia yake ngumu.

"Kwa makusudi?"

"Kwenye kioo cha gari."

"Aisee. Na anaonekana msomi. Sasa mnampeleka wapi?"

"Nyakahanga, hospitali."

Wakatazamana, wakakubaliana. "Sawa kabisa. Wamwangalie na kichwa."

Mama muuza ndizi za kuchoma alipenya katikati yao, akaniwekea mbili mapajani na hakutaka malipo. "Kula, baba. Shetani hachagui shule." Nikala. Zilikuwa tamu, na bodaboda mmoja akanipiga picha kwa simu. Hiyo ndiyo picha mliyotumiwa, na kwa wanaouliza, ndiyo, nilikuwa nalia kidogo, lakini ni moshi.

Nyakahanga

Tuliwakuta. Mkoba mmoja ulikuwa umeshafungwa, ukafunguliwa tena.

Nilisimama kwenye korido, nyuma ya ukuta wa chumba cha vipimo, mahali pangu pa kawaida. Nikamsikia muuguzi akisema, "Bibi, vidole vingapi hivi?"

"Vidole?" mama mkwe akajibu. "Kwani umenyoosha mkono?"

Nikasikia kalamu ya muuguzi ikiandika. Sisi tulijua jicho moja limeharibika. Yeye alikuwa ameficha la pili, akitembea nyumbani kwa mazoea, akitutambua kwa sauti, akisifu nguo za wajukuu ambazo hakuziona. Gari la bluu alisema amelisikia, na mimi, mtu wa kuchambua maneno, nililipita neno hilo kama bango la barabarani.

"Mama," Edina akauliza taratibu, "leo kwenye kioo, ulimwona Novati?"

"Nimwone kwa nini, mwanangu? Nilimsikia anapiga kelele, nikajua ameniona. Nikapiga na mimi, asiaibike peke yake."

Niliegemea ukuta ule kwa muda.

Walimpasua jioni ile ile, jicho lililokuwa na matumaini zaidi. Asubuhi nilifika wodini na chupa ya uji, nikiwa nimechoka, nikasahau kila kitu nilichofunzwa na kusimama katikati ya mlango. Muuguzi alikuwa amemaliza kutoa bandeji. Mama mkwe aliinua kichwa. Alitazama dirisha. Alitazama mkono wake, pande zote mbili. Kisha akatazama mlangoni.

Khanga ikaruka ikafunika uso wote, upesi kama mtu anayefunika chungu mvua ikianza.

"Edina! Mwambie mkwe wangu asimame nje!" Kisha, chini ya khanga: "Na mwambie ana mvi."

Nilitoka mbio nikiwa na uji wangu. Sijawahi kufurahi hivyo kufichwa uso.

Nyakahanga hadi nyumbani

Nje, wenye magari wawili walikuwa wakinisubiri. Nyeupe ilikuwa imevutwa, ikaoshwa na kuletwa na majirani, jani moja la mgomba bado limebanwa kwenye taa. Nikaanza kueleza kwamba kila gari lina ubora wake, kwamba bodi ndefu kwa upande mmoja na siti ya nyuma kwa upande mwingine. Ndani ya gari la bluu, ambamo alikuwa ameshaketi, mama mkwe akamuuliza binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Kwani ni lazima aendeshe yeye?"

Edina ana leseni ya siku nyingi. Mimi nina mazoea tu. Katika utafiti wangu wote, swali la nani atashika usukani sikuliandika popote, kwa sababu nilidhani jibu lake ni mimi. Edina alizunguka akaingia upande wa dereva, akasogeza siti mbele, akawasha, na siti ya nyuma ikawa haina kazi tena.

Ma Koku alicheka hadi akapangusa machozi. "Basi nyeupe nitamuuzia mjane asiye na mkwe," alisema, akanipa mkono. Bwana Athumani aliibusu bluu kwenye boneti, akaniambia nimwangalie binti yake huyo.

Kwa hiyo tuna bluu. Siku za kazi naiendesha kwenda ofisini, nikiwa na bodi tupu na hofu ya kutukanwa. Tukienda Kyerwa, mama akiwa ndani, nakaa nyuma. Kiti kile nilipewa moja kwa moja.

Siku ile tulipokuwa tukimrudisha, tumeshaacha lami, nilisikia kidirisha kikiteleza nyuma ya kichwa changu. Sikugeuka. Mkono ukatokea juu ya bega langu, mkono tu, kiganja kimejaa amwani. Nikapokea.

"Mkwe wangu," sauti ikasema, "lile shamba tulilolipita, ng'ambo ya bonde. La nani, mbona migomba yake imekauka?"

Nikapangusa miwani, nikatazama ng'ambo. Kwa umbali ule mimi niliona kijani tu.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Imekauka."